Mtoto wa Mbwa Mpya Katika Ua Wenye Mbwa Wakubwa: Mwongozo Kamili wa Kuzuia na Kutuliza Ugomvi

Nyumba nyingi zenye uzio katika miji yetu, kuanzia Mbezi na Tegeta hadi Njiro na Ongata Rongai, hufuga mbwa wawili au watatu wa ulinzi, na mmoja wao anapoanza kuzeeka mwenye nyumba hutafuta mtoto wa mbwa atakayeshika nafasi yake. Mtoto huyo huletwa ndani ya boksi, hushushwa katikati ya ua, wakubwa hufunguliwa, na wanafamilia husimama barazani kutazama kitakachotokea, kwa imani kwamba mbwa wataelewana wenyewe. Mara nyingi huelewana kweli, na ndiyo maana imani hiyo haifi. Pale wasipoelewana, hata hivyo, mnyama wa kilo 35 anapambana na mnyama wa kilo 4, na taya moja ikifumba mara moja tu hakuna tena cha kurekebisha.

Msimamo wa mwongozo huu ni kwamba mbwa wa nyumba moja hugombania vitu na nafasi: bakuli, mfupa, geti, mlango wa jikoni, kivuli cha kulalia na mkono wa mwenye mbwa. Kwa kuwa vitu hivyo vyote viko chini ya mamlaka ya binadamu, kazi ya kuzuia ugomvi ni kazi ya kupanga mahali na wakati, na fimbo haina sehemu ndani yake. Hatua zinazofuata zimepangwa kwa mbwa wanaoishi nje, wanaofungwa mchana na kufunguliwa usiku, kwa sababu maelekezo mengi yanayopatikana huchukulia kwamba mbwa analala sebuleni, jambo ambalo kwetu si la kawaida. Kwa urahisi, mbwa aliyekuwepo nitamwita mwenyeji, na mtoto anayeletwa nitamwita mgeni.

Hatua ya kwanza: kuchagua mgeni na kumpima mwenyeji

Usimchukue mtoto wa mbwa ambaye hajatimiza wiki 8. Wauzaji wa kando ya barabara hupenda kuwauza wakiwa na wiki 5 au 6, wakati bado ni wadogo na wanavutia, lakini wiki hizo za mwisho pamoja na mama na ndugu ndizo zinazomfundisha mtoto kiasi cha nguvu anachoweza kuuma bila kumuumiza mwenzake. Anayeachishwa mapema huingia kwenye ua wako akiwa na meno makali kama sindano na bila breki, na mwenyeji ndiye atakayelazimika kumfundisha kwa njia yake mwenyewe. Kwa upande mwingine, usichelewe sana, maana kipindi ambacho mtoto wa mbwa hupokea mambo mapya kwa wepesi huanza kufungwa akiwa na wiki 12 hadi 14.

Jinsia ina uzito mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Utafiti mmoja uliochapishwa Marekani mwaka 2011, uliochunguza jozi 38 za mbwa waliokuwa wakipigana ndani ya nyumba moja, ulionyesha kwamba jozi nyingi zilikuwa za jinsia moja, na kwamba aliyeanzisha ugomvi mara nyingi alikuwa yule mdogo kiumri au aliyeingia nyumbani baadaye. Vichochezi vilivyotajwa ni umakini wa mwenye mbwa, chakula, msisimko na vitu vilivyookotwa. Matokeo hayo yanapaswa kumfikirisha kila mtu aliyezoea kumlaumu mbwa mkubwa kila kelele inaposikika. Ikiwa mwenyeji ni jike, tafuta dume. Ikiwa ni dume, tafuta jike na upange mapema suala la kufunga uzazi. Majike wawili wasiofungwa uzazi katika ua mmoja ni jambo ambalo ningelikwepa kabisa. Vilevile usikubali ofa ya kuchukua watoto wawili wa mama mmoja kwa bei nafuu, kwa kuwa watashikamana wao kwa wao na mwenyeji atabaki akizingirwa.

Kabla ya mgeni kufika, mwite daktari wa mifugo amtazame mwenyeji. Mbwa wa miaka 8 au 9 mwenye nyonga zinazouma, jino lililooza au sikio lenye usaha hana uvumilivu wa kurukiwa, na hasira yake itaonekana kama wivu ilhali ni maumivu. German Shepherd, ambao wanapendwa sana kwa ulinzi, wanajulikana kwa matatizo ya nyonga, hivyo usipuuze mwenyeji anayeinuka kwa taabu asubuhi. Hakikisha pia chanjo zake ziko sawa. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa katika ofisi nyingi za mifugo, na kampeni huongezeka karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Chanjo dhidi ya parvo na distempa, magonjwa mawili ya virusi yanayoua watoto wa mbwa, kwa kawaida utailipia mwenyewe, na mgeni ataihitaji kuanzia wiki 6 hadi 8, kisha kurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka atimize wiki 16. Dawa ya minyoo na ya kupe ni lazima kwa wote wawili.

Hatua ya pili: kujenga wavu kabla ya siku ya kumleta

Mgeni anahitaji banda lake mwenyewe lenye mlango unaofungwa, sakafu kavu, paa, na angalau upande mmoja wa wavu wa chuma ulioungwa kwa kuchomelewa. Wavu wa kuku hautoshi, kwa sababu mbwa mkubwa huupasua kwa jino na mdogo hupitisha kichwa akanasa. Matundu yawe madogo kiasi kwamba pua inaweza kunusa lakini mdomo hauwezi kuuma mguu wa upande wa pili. Banda lisiwekwe karibu na geti, wala mahali ambapo mwenyeji amezoea kula au kulala. Liweke pembeni, mahali anapoweza kulifikia akitaka na kuondoka akichoka.

Jambo la pili la kujenga ni kwa ajili ya mwenyeji: kichanja cha mbao chenye kimo cha sentimeta 50 au 60, kivulini, ambacho mtoto wa mbwa hawezi kukipanda. Kama mwenyeji ana nyonga mbovu, kichanja hakimfai, hivyo mtengee kona iliyozibwa kwa ubao ambao yeye anauvuka na mdogo hawezi. Gharama ni mbao chache na misumari, na sijaona kifaa kingine chochote kinachopunguza ugomvi kwa kiasi hicho. Mbwa mwenye pa kukimbilia hahitaji kuuma ili apumzike.

Hatua ya tatu: wiki mbili za kunusana

Mgeni akae nyuma ya wavu kwa siku 14 za mwanzo, akitoka tu wakati wenyeji wamefungiwa. Kuna sababu mbili, na zote zinaangukia muda uleule. Ya kwanza ni afya: parvo kwa kawaida hujitokeza ndani ya siku 3 hadi 14 baada ya maambukizi, hivyo mtoto aliyetoka mahali usipopajua anaweza kuonekana mzima leo na kuharisha damu wiki ijayo. Ya pili ni tabia: mwenyeji anapata nafasi ya kumzoea kiumbe mpya kwa pua na masikio kabla ya kukutana naye mwili kwa mwili.

Siku ya kwanza hadi ya tatu, usifanye chochote isipokuwa kubadilishana harufu. Chukua kanga kuukuu au gunia alilolalia mgeni, uliweke chini karibu na mwenyeji, na cha mwenyeji ukiweke kwa mgeni. Akinusa na kuondoka, ni vizuri. Akinusa kwa muda mrefu huku mwili umekakamaa, ongeza siku kabla ya kuendelea. Kuanzia siku ya nne, wape chakula wakati mmoja pande mbili za wavu, wakiwa mbali kiasi cha mita 5, na kila siku punguza umbali kidogo, mradi kila mmoja anakula kwa utulivu bila kuinua kichwa kumkodolea mwenzake. Hapa ndipo wengi huharakisha kwa sababu siku ya tano mambo yanaonekana shwari. Utulivu wa siku ya tano hauna budi kurudiwa siku nyingi kabla haujawa mazoea.

Katika kipindi hiki endelea kumhudumia mwenyeji kwa utaratibu uleule wa zamani: saa zilezile, salamu ileile, bakuli lake lijazwe kwanza. Wapo watakaokueleza kwamba lazima umtambue mfalme wa kundi na kuwatia wengine adabu. Dhana hiyo ilipata nguvu kutokana na maandishi ya Rudolf Schenkel ya mwaka 1947, aliyewachunguza mbwa mwitu (kwa Kiingereza, wolf) waliofungiwa katika bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi. Mtafiti wa Marekani L. David Mech, ambaye mwenyewe aliwahi kuieneza, aliandika mwaka 1999 kwamba kundi la mbwa mwitu porini kwa kawaida ni familia, yaani wazazi na watoto wao, na kwamba mapambano ya kugombea ufalme si mfumo wa maisha yao. Tunampa mwenyeji bakuli kwanza kwa sababu amezoea hivyo, na kuvunjwa kwa mazoea ndiko kunakomfanya ahusishe hasara zake na ujio wa mgeni. Sababu hiyo inatosha.

Hatua ya nne: kukutana ana kwa ana

Pakutania pawe mahali ambapo hakuna mbwa mwenye madai napo. Kumtoa mgeni nje ya geti hakufai, kwa kuwa hajakamilisha chanjo na mitaani wapo mbwa wasiochanjwa. Ua wa jirani asiyefuga mbwa ni bora zaidi. Ikiwa haupatikani, tumia upande wa nyumba ambao wenyeji hawautumii, kama vile nafasi ya kuegeshea gari, baada ya kuondoa mabakuli, mifupa, mipira na kila kinachotafunwa.

Mlete mwenyeji mmoja tu, aliye mpole kuliko wote, akiwa amechoka baada ya matembezi. Mtu mzima mmoja amshike kwa kamba, mwingine akae na mgeni. Kamba iwe imelegea muda wote, kwa kuwa kamba iliyovutwa humwinua mbwa kifua na kumfanya aonekane anatisha hata kama hakukusudia, na yeye mwenyewe huhisi amebanwa. Tembeeni kwanza upande kwa upande, mkiwa mbali mita chache, kisha mruhusu mwenyeji amnuse mgeni kwa sekunde 3 hadi 5, umwite kwa sauti ya kawaida, na umpe kipande cha nyama au dagaa mkavu anapogeuka. Rudia mara chache, halafu mmalize wakati bado kila mmoja anafurahi. Dakika 10 zinatosha kwa siku ya kwanza. Mwenyeji wa pili akutanishwe siku nyingine, peke yake, na wenyeji wote wawili pamoja na mgeni ni hatua ya wiki inayofuata, kwa sababu mbwa wawili wanaomfukuza mmoja huchocheana kwa namna ambayo hakuna hata mmoja wao angefanya akiwa pekee.

Usimnyanyue mgeni mikononi kila anapokaribiwa. Akininginia juu, mwenyeji hulazimika kuruka ili amnuse, mikono yako ndiyo inayokuwa kati ya meno na kitu kinachotakiwa, na mgeni hujifunza kwamba mbwa mkubwa ni hatari.

Hatua ya tano: kusoma mwili, na kuuheshimu mngurumo

Mbwa huongea muda mrefu kabla ya kuuma. Dalili za mwanzo ni ndogo: hugeuza uso pembeni, hujilamba pua ilhali hakuna chakula, hupiga miayo bila usingizi, hunusa ardhi ghafla. Maana yake ni kwamba hali hiyo haimpendezi na angependa iishe. Asiposikilizwa, mwili hukakamaa, mdomo uliokuwa wazi hufungwa, weupe wa jicho huonekana pembeni, na mkia husimama wima ukitikisika kwa mitikisiko mifupi. Mkia unaotikisika si ushahidi wa furaha. Mkia wa furaha hulegea na hutikisa kiuno chote. Manyoya ya mgongoni yakisimama yanaonyesha msisimko tu, na msisimko unaweza kuishia popote.

Mchezo nao una alama zake. Mbwa huinamisha kifua hadi ardhini akiacha matako juu, hufukuza kisha hukubali kufukuzwa, na husimama kidogo kidogo kupumua. Ukitilia shaka kama ni mchezo au uonevu, mshike kwa upole yule anayefukuza na umtazame mwenzake. Akirudi mwenyewe kuchokoza, ulikuwa mchezo. Akitumia nafasi hiyo kwenda kujificha chini ya gari, mchezo uliisha zamani na nyinyi hamkujua.

Kosa kubwa kuliko yote katika nyumba zetu ni kumchapa mbwa anayenguruma. Mngurumo ni onyo, na ni onyo la kiungwana: mwenyeji anamwambia mgeni asogee kabla hajalazimika kutumia meno. Akichapwa kila anaponguruma, hajifunzi kumpenda mgeni, bali hujifunza kunyamaza, na siku moja watu watasema ameuma bila dalili yoyote. Mwenyeji akinguruma na mgeni akarudi nyuma, usiseme neno, kwa kuwa somo limetolewa na limepokelewa. Mgeni asiporudi nyuma, kama ilivyo kawaida ya watoto waliochoka, ingia wewe, umwondoe na umrudishe bandani akalale. Mtoto wa mbwa hulala saa 18 hadi 20 kwa siku, na anayekosa usingizi huuma na kurukia ovyo kiasi kwamba mtu hudhani ni mkorofi wa kuzaliwa.

Upo mstari ambao mwenyeji hapaswi kuuvuka. Kumbwekea mgeni, kumwonyesha meno, hata kumbana chini kwa mdomo bila kumtoboa, ni katika adabu ya mbwa wakubwa. Lakini akimwinda kimya kimya kwa macho yaliyokazwa, akimshika na kumtikisa, au akiendelea kumshambulia baada ya mgeni kulala chali na kulia, simamisha makutano yote, rudi nyuma ya wavu na umwite daktari.

Hatua ya sita: chakula

Kama kuna jambo moja tu utakalobadilisha baada ya kusoma hapa, liwe ni beseni la pamoja. Desturi ya kupika sufuria kubwa ya ugali wa dona na dagaa au utumbo, kuimimina kwenye beseni moja na kuwaacha mbwa wote wale kwa pamoja inaweza kudumu miaka mingi bila tatizo kati ya wenyeji waliokua pamoja, kwa sababu walishagawana nafasi zao zamani. Mgeni hazijui nafasi hizo. Hutumbukiza kichwa katikati, na kosa lake la kwanza linaweza kuwa la mwisho.

Kila mbwa awe na bakuli lake, na mabakuli yatenganishwe kwa ukuta, mlango au wavu, si kwa umbali pekee. Mgeni ale ndani ya banda lake, mlango ukiwa umefungwa. Hali hiyo inafaa pia kwa sababu ratiba zao hazifanani: mtoto wa miezi 2 hadi 3 anahitaji kula mara 4 kwa siku, baadaye mara 3 hadi afikishe miezi 6, ilhali mkubwa hula mara 2. Baada ya dakika 15 okota mabakuli yote, hata yasipokuwa matupu, uyaoshe na kuyaweka juu. Bakuli tupu lililoachwa uani bado ni mali, na mbwa huilinda mali. Maji, kinyume chake, yawekwe katika sehemu 2 au 3 tofauti ili pasiwe na wa kuzuia njia. Unga wa dona ulioota ukungu, ambao mara nyingi huuzwa kwa bei ya chini kama unga wa mbwa, usinunuliwe kabisa, kwa kuwa sumukuvu huharibu ini la mbwa na humuua; hilo ni nje kidogo ya mada ya ugomvi, lakini siwezi kulipita.

Mifupa ni sura yake peke yake. Mfupa hudumu muda mrefu, hubebeka, hufukiwa na kufukuliwa, na kila moja ya sifa hizo ni sababu ya ugomvi. Utolewe kila mbwa akiwa amefungiwa peke yake, uhesabiwe, na uondolewe kabla ya milango kufunguliwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa isitolewe kwa yeyote, kwa sababu hupasuka vipande vyenye ncha. Ukihitaji kumnyang'anya mbwa kitu, mbadilishie kwa kitu kizuri zaidi badala ya kukivuta mdomoni, hasa kwa mgeni, ambaye bado hajaamua kama mkono unaokaribia unaleta au unachukua. Waeleze wageni wa sherehe wasiwarushie mbwa mabaki ya nyama kutoka mezani. Pilau ya Idi au nyama choma ya Krismasi, mbwa watatu na mfupa mmoja unaoruka hewani, ni mpangilio kamili wa vita.

Hatua ya saba: geti na mnyororo

Ugomvi mwingi unaoitwa wa ghafla hutokea getini. Bodaboda inapita, muuza maziwa anagonga, honi inalia, wenyeji wanakimbilia geti wakibweka, mgeni anawafuata kwa furaha, na kwa kuwa yule wa nje hafikiki, hasira humwangukia aliye karibu. Mwenyeji aliyemuuma mgeni wakati huo huenda hata hakumtazama ni nani. Dawa yake ni kutomruhusu mgeni kuwa huru uani saa za shughuli nyingi getini, ambazo kila nyumba inazijua: asubuhi watu wanapotoka na jioni wanaporudi. Ziba sehemu ya chini ya geti kwa bati ili mbwa wasione miguu ya wapita njia, na wazoeshe wenyeji neno moja la kuwaita, likifuatwa kila mara na kipande cha chakula, mbali na geti. Usihofu kwamba mgeni hatajua kulinda. Atajifunza kubweka kwa kuwasikia wakubwa, hata akiwa nyuma ya wavu.

Mnyororo unahitaji uangalifu wa aina yake. Mbwa aliyefungwa hawezi kukimbia, hivyo njia pekee aliyobakiwa nayo ni kushambulia, na mtoto wa mbwa hajui mnyororo unaishia wapi. Usimwache mgeni huru hata dakika moja mahali ambapo mwenyeji amefungwa kwa mnyororo. Ikiwa huna namna nyingine kwa sasa, uvute mnyororo hadi mwisho wake, zunguka nao, na uchore duara ardhini kwa chokaa au mawe, kisha weka uzio mita moja nje ya duara hilo. Baada ya hapo, anza kuweka akiba ya banda lenye mlango kwa ajili ya mwenyeji pia.

Hatua ya nane: usiku, na watu wa nyumbani

Methali inasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini mgeni huyu jembe lake lisubiri. Mtoto wa mbwa asiachwe uani usiku pamoja na wakubwa kabla ya miezi 6, na kwa mbwa wa maumbo makubwa, kama Boerboel na Rottweiler, ambao hukomaa polepole, subiri karibu mwaka mzima. Usiku hakuna anayetazama, msisimko ni mwingi, na kelele zinapoanza itakupasa utafute ufunguo gizani. Usiku wa kwanza na wa pili atalia. Mwekee gunia kavu na kanga yenye harufu ya alikotoka, umtembelee mara moja kwa kimya, wala usimweke ndani ya banda la mwenyeji ili apate joto.

Yote yaliyotangulia huanguka ikiwa mtu mmoja wa nyumbani hayajui. Msaidizi wa nyumbani, mlinzi wa usiku, mtunza bustani na watoto waelezwe mambo matatu: mlango wa banda hufungwa muda wote, chakula hakitolewi ovyo, na hakuna anayewachochea mbwa wapigane kwa mzaha. Watoto chini ya miaka 10 wasiachwe peke yao na mbwa wanaozoeana. Vilevile mwenye mbwa ajichunge: anaporudi kutoka kazini na kumkimbilia mtoto mzuri akimpita mzee aliyesimama akimsubiri, anapanda mbegu ya ugomvi kwa mikono yake. Msalimie mwenyeji kwanza, kwa ufupi, kisha mgeni, na usimpapase mmoja huku ukimsukuma mwingine.

Hatua ya tisa: miezi 6 hadi miaka 2

Wengi hupumzika mapema. Mgeni amefikisha miezi 4, wanalala karibu karibu, na wavu unaondolewa. Lakini kati ya miezi 6 na 12 jike huingia kwenye joto kwa mara ya kwanza, hali inayodumu takriban wiki 3 na kurudi kila baada ya miezi 6 au 7, na madume yaliyokuwa marafiki yanaweza kujeruhiana ndani ya dakika moja kwa ajili yake. Kisha kati ya mwaka 1 na miaka 3 mbwa hukomaa kijamii, na yale aliyokuwa akiyavumilia utotoni hayavumilii tena, hasa akiona mwenyeji amedhoofika. Kufunga uzazi huondoa vichochezi vya joto na mimba zisizotakiwa, ingawa hakufuti ugomvi wa bakuli wala wa geti. Zungumza na daktari kuhusu umri unaofaa kwa umbo la mbwa wako. Wavu uache mahali pake mpaka mgeni atimize miaka 2, haudai chakula.

Wakishapigana

Usiingize mikono kati yao, wala usishike kola. Mwagia ndoo ya maji vichwani, gonga sufuria mbili, watupie blanketi zito, au ingiza ubao au beseni kati yao. Wakiwa wameng'ang'aniana na watu wazima ni wawili, kila mmoja ashike miguu ya nyuma ya mbwa mmoja juu ya goti, na wote warudi nyuma kwa wakati mmoja bila kuachia hadi kila mbwa afungiwe. Kuwapiga kwa fimbo huongeza maumivu, na mbwa mwenye maumivu hukaza taya.

Baadaye wachunguze wote wawili kwa vidole chini ya manyoya, kwa sababu tundu dogo la jino linaweza kuwa mdomo wa jeraha lililopasua nyama ndani, na baada ya siku mbili likajaa usaha. Mtoto wa mbwa aliyetikiswa aonwe na daktari siku hiyohiyo hata kama anatembea. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya bila kungoja, ajulishe kwamba ameumwa na mbwa, na daktari aamue kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa, hata kama mbwa ni wa nyumbani.

Wabaki wametengwa siku kadhaa, kisha rudi hatua ya tatu na uanze upya, baada ya kujiuliza waligombania nini na kukiondoa kitu hicho. Ikiwa mapigano yanarudi na kila mara majeraha ni mabaya zaidi, au ikiwa mwenyeji mzee amekoma kula na haondoki kwenye kona yake, mtafutie mgeni nyumba nyingine angali mdogo, kwa kuwa mtoto wa miezi 5 hupata nyumba kwa urahisi kuliko mbwa wa miaka 2 mwenye sifa ya ugomvi. Chagua familia isiyo na mbwa mwingine, mkabidhi pamoja na kadi yake ya chanjo, na waeleze bila kuficha kilichotokea.